Mazoezi ya Pamoja: Tujifunze Kuusikiliza Mwili



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unahusu jambo ambalo wengi hudhani halihitaji kufundishwa, nalo ni namna ya kufanya mazoezi pamoja na wenzetu huku kila mmoja akiusikiliza mwili wake mwenyewe. Tumeliandika kwa sababu ya mambo mawili yaliyotokea kwetu hapa Bungu. La kwanza lilimpata bibi mmoja, la pili lilimpata mzee mmoja. Majina yao hatuyataji, lakini wote wawili wameturuhusu tuyasimulie ili wengine wapate kujifunza.

Tuanze na bibi. Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi saa 12 asubuhi kwenye kiwanja cha mpira, kabla jua la pwani halijawa kali. Wengi ni akina mama wanaohudhuria kliniki ya kisukari na presha. Wapo pia wazee wa kiume wachache, na vijana hujiunga wanapopenda. Waislamu kwa Wakristo, wote tupo. Tunazunguka kiwanja kwa mwendo wa haraka, kiongozi anaimba nasi tunaitikia, kisha tunajipanga mistari na kunyoosha viungo.

Asubuhi ile tulikuwa kama watu thelathini. Katika mzunguko wa tatu tulimwona bibi anayumba kama mlevi, naye pombe hajawahi kuionja maishani mwake. Tulipomshika mkono, ulikuwa umelowa jasho la baridi. Tulimkalisha chini, tukampima sukari, ikawa 2.9. Kumbe alimeza kidonge chake cha glibenklamaidi alfajiri, na chai hakunywa kwa kuogopa kuchelewa. Tulimpa vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji. Baada ya robo saa tulimpima tena, sukari ilikuwa imepanda, na yeye mwenyewe akaanza kuuliza kanga yake iko wapi.

Tulimwuliza, "Bibi, kwani hukusikia dalili yoyote?"

Akajibu, "Nilisikia, mwanangu. Mzunguko wa kwanza miguu ilikuwa mizito. Wa pili midomo ikafa ganzi, mikono ikatetemeka, nyimbo nikawa nazisikia kama zinatoka mbali. Lakini nitatokaje mstarini na watu wote wananitazama?"

Jibu hilo lilitunyamazisha. Dalili za sukari kushuka tumezifundisha kliniki mara nyingi, na picha zake tumezibandika ukutani. Bibi alizijua zote. Mwili wake ulimwambia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, naye akausikia. Alichokosa ni ruhusa ya kuutii mbele za watu, na ruhusa hiyo sisi tuliokuwa tukiongoza mazoezi hatukuwahi kuitoa.

Tulivyolelewa na mchakamchaka

Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya 1970 na 1980 tunaujua mchakamchaka. Alfajiri umande haujakauka, kiongozi yuko mbele anaimba, shule nzima inaitikia na miguu inapiga ardhi kwa pamoja. Ulikuwa na raha yake. Mtoto ambaye peke yake asingekimbia hata kufika dukani, akiwa katika wimbo ule alikimbia hadi kijiji cha jirani na kurudi bila kujua ametumia nguvu.

Lakini nyuma kabisa alikuwapo kiranja mwenye fimbo. Aliyebaki nyuma aliitwa mvivu. Tunamkumbuka msichana mmoja wa darasa letu ambaye mara kwa mara alikaa chini njiani akilia kwamba mifupa inamuuma, nasi tulimcheka. Miaka mingi baadaye, tuliposomea uuguzi na kufundishwa juu ya selimundu, ndipo tulipotambua kwamba huenda alikuwa na ugonjwa huo. Mwenye selimundu akikimbia mno bila maji, chembe nyekundu zake za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo, na maumivu yake ni makali kupita kiasi. Tulikuwa watoto, hatukujua. Hata hivyo fundisho tuliloondoka nalo ni kwamba mwili ukisema, unyamazishe, uende na wenzako. Fundisho hilo tumekuja nalo hadi uzeeni, na ndilo lililokuwa kiwanjani na bibi yetu siku ile.

Mtu asije akadhani tunayapinga mazoezi ya pamoja. La hasha, tunayapenda, na tungetamani kila kijiji kiwe nayo. Utafiti uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa katika kila watu 100, karibu 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na 9 walikuwa na kisukari. Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya taifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya kufanya mazoezi. Wenzetu wa Zanzibar wanaifanya tarehe 1 Januari kuwa siku yao ya mazoezi. Kule Rwanda, tangu mwaka 2016, mji wa Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari katika Jumapili maalumu ili watu watembee na kukimbia, na papo hapo wanapimwa presha na sukari bure. Hilo la kupima papo hapo tunalionea wivu.

Na hapa kwetu haja ipo. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 kule mto Rufiji, na barabara hii ya kwenda Lindi na Mtwara ikawa ya lami, maisha yetu yamebadilika. Zamani mtu alitembea toka Bungu hadi shambani na kurudi. Leo bodaboda inamfikisha hadi chini ya mkorosho wake. Kijana anayeiendesha bodaboda hiyo naye anakaa kitako tangu asubuhi hadi usiku, na wapo vijana wa miaka thelathini tuliowakuta na presha. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Peke yako ni vigumu kuzifikisha. Ukiwa na kikundi, unajikuta umezifikisha ukicheka.

Basi hapo ndipo penye ugumu. Wimbo ule ule unaokutoa kitandani na kukuvusha uchovu, ndio unaokufanya usisikie kifua kinapobana. Ni lazima tujifunze kuwa kundini bila kuupoteza mwili.

Dakika tatu kabla ya kuanza

Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Worcester, Marekani, mtu aitwaye Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambao madaktari hawakuwa na dawa nyingine ya kuwapa. Aliwafundisha kulala chini na kuipeleka akili kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine, wakikitambua jinsi kilivyo bila kukilaumu. Na pia kutembea polepole na kujinyoosha wakiwa na akili hapo hapo walipo. Asili ya jambo hilo aliichukua kwa Wabudha, lakini hospitalini alilifundisha kama tiba, na leo linafundishwa katika hospitali nyingi.

Sisi hatulazi mtu chini wala hatumfumbishi macho. Tulijaribu kuwafumbisha macho mara moja, mama mmoja akauliza kwa sauti kama tunaita mashetani, mazoezi ya siku hiyo yakaishia katika kicheko. Tukaacha. Tunachofanya ni kusimama tu, miguu imeachana kidogo, macho yanatazama ardhi mbele, kwa muda wa dakika tatu. Kiongozi anauliza polepole na kila mtu anajijibu kimoyomoyo.

Anaanza na nyayo. Je, uzito wangu uko miguu yote miwili, au nimeegemea mmoja? Kisigino kinauma? Kisha vifundo, magoti, nyonga, kiuno. Tumbo: nimekula? Dawa nimemeza, na nimemeza ipi? Kifua: pumzi inaingia vizuri hadi chini au inaishia juu? Mabega: yameshuka, au nimeyabeba hadi masikioni? Taya: nimekaza meno? Kichwa: kinagonga, kina kizunguzungu? Usiku nililala? Halafu tunavuta pumzi tano za taratibu kwa pua, tukiziangalia zinavyoingia na kutoka. Basi, imetosha.

Mnaweza kuona kwamba swali la tumbo ndilo lingemwokoa bibi. Siku hizi kila Jumamosi, swali hilo likifika, hakosi mtu mmoja au wawili wanaokwenda pembeni kutafuna kipande cha muhogo.

Wimbo ndio kipimo

Wataalamu wana njia nyingi za kupima ukali wa zoezi. Gunnar Borg wa Sweden alitengeneza kipimo cha namba kuanzia 6 hadi 20 ambacho mtu mwenyewe anasema anajisikia anatumia nguvu kiasi gani, nacho kinatumika hospitalini hadi leo. Tulijaribu kukirahisisha kwa vidole: kidole kimoja ni rahisi, vitano nimechoka kabisa. Hakikufaa. Tuligundua kuwa watu wanatazama vidole vya jirani kabla ya kuinua vyao, na bibi wa miaka sabini anainua viwili kwa sababu binti aliye pembeni yake kainua viwili.

Njia ya kuhesabu mapigo ya moyo nayo ni nzuri kwa wengi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Lakini wapo wanaotumia dawa za presha au za moyo kama atenololi na propranololi. Dawa hizi hulishika pigo la moyo lisiende mbio, kwa hiyo mtu anaweza kuwa amechoka kupita kiasi na pigo likaonekana la kawaida. Tena huficha mtetemeko na moyo kwenda mbio pale sukari inaposhuka. Jasho halifichwi. Anayetumia dawa hizi pamoja na dawa za kisukari akitokwa na jasho la baridi ghafla, asingoje dalili nyingine.

Mwisho tukarudi kwenye mchakamchaka. Kipimo tulikuwa nacho tangu utotoni. Mtu anayefanya zoezi la wastani anaweza kuzungumza, ila hawezi kuimba wimbo mzima peke yake bila kukatika pumzi. Akiweza kuimba beti zote kwa raha, anaweza kuongeza mwendo kidogo. Asipoweza hata kutamka maneno manne au matano mfululizo, amezidisha. Katika kuitikia wimbo, kiitikio ni kifupi, unakitoa kisha unapumua wakati kiongozi anaimba. Basi yule ambaye kiitikio kinamshinda, mwili wake umeshasema.

Kwa hiyo tumebadilisha kazi ya kiongozi. Zamani kazi yake ilikuwa kuimba kwa nguvu na kuhimiza. Sasa kiongozi wa pili anatembea nyuma, badala ya yule kiranja mwenye fimbo, na kazi yake ni kusikiliza ni nani amenyamaza. Akimsikia aliyenyamaza anamsogelea na kumwuliza jambo dogo, kwa mfano, "Mama Asha, mihogo mmeng'oa?" Akijibu vizuri, sawa. Akijibu kwa neno moja huku anahema, wanapunguza mwendo pamoja, wawili. Hakuna anayeachwa kutembea peke yake nyuma ya watu, kwani huo upweke ndio watu wanaouogopa kuliko hata ugonjwa.

Mkeka

Pia tumetandika mkeka chini ya mwembe ulio kando ya kiwanja, una mtungi wa maji, kikombe na kopo la sukari. Kanuni ni moja: anayekaa mkekani haulizwi mbele ya watu kwa nini amekaa, wala hashangiliwi anaporudi. Muuguzi humfuata kimya kimya.

Wiki tatu za mwanzo hakukaa mtu. Mkeka ulitandikwa ukakunjwa. Wiki ya nne mmoja wetu, muuguzi mwenye goti linalomsumbua tangu alipoteleza wakati wa masika, alitoka katikati ya wimbo akaenda kukaa, akanywa maji, akarudi mzunguko uliofuata. Hakusema neno. Jumamosi iliyofuata walikaa wanne. Tuliyofundisha kwa mdomo mwezi mzima hayakufika, hilo la kukaa likafika siku ile ile.

Mwili unasema nini?

Si kila maumivu ni hatari. Msuli ambao haujazoea huuma siku ya pili na ya tatu, uchungu wa kuchoka ulioenea pande zote mbili, na huisha wenyewe. Hayo yasikutishe. Maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, ya upande mmoja, au yanayokuja ghafla kama kitu kimekatika, yanataka usimame. Goti likivimba baada ya mazoezi, mwendo wa juma lijalo upungue.

Kifua hakina mjadala. Kikibana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakapanda taya au kushuka mkono, pumzi ikakatika kupita kazi uliyofanya, simama hapo hapo na upelekwe hospitali. Wanawake waangalie zaidi, kwani mara nyingine moyo wa mwanamke hausemi kwa kifua. Husema kwa uchovu wa ajabu, kichefuchefu na kukosa pumzi, naye anadhani ni chakula cha jana.

Miezi ya kaskazi, joto letu la pwani lina hatari yake. Ukiona mwenzako anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, ana kizunguzungu na misuli inamkaza, mpeleke kivulini, mpe maji, mlegeze nguo. Akianza kuchanganyikiwa na mwili unawaka, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na kutafuta usafiri wa hospitali wakati huo huo.

Jambo moja dogo linalosahauliwa: msibane pumzi. Wengi wakisukuma ukuta au kuinua kitu hubana pumzi na kukaza meno, na presha hupanda ghafla. Unaposukuma, toa pumzi. Anayeimba hawezi kubana pumzi, na hiyo ni sifa nyingine ya wimbo.

Mwili unaponyamaza

Sasa tufike kwa mzee. Huyu amekuwa na kisukari kwa miaka mingi, mtu mcheshi, hakosi Jumamosi hata moja. Siku moja alikuja amevaa kandambili. Tulifanya mazoezi yote, na mwisho kiongozi akauliza kama tulivyozoea, kila mmoja ausikilize mwili wake, kuna panapouma? Mzee akajibu kwa furaha, "Mimi mzima kabisa, sina neno."

Hakudanganya. Alikuwa amekanyaga msumari uliopenya kandambili ukaingia kwenye unyayo, naye hakusikia kitu, kwani kisukari kilikuwa kimeua mishipa ya fahamu ya miguu. Siku ya nne mkewe alisikia harufu, akageuza mguu akauona. Alifika hospitali umevimba hadi ugoko. Mguu ulipona, lakini vidole viwili vilikatwa.

Kosa hilo ni letu. Tulikuwa tumefurahia somo letu la kuusikiliza mwili hata tukasahau kwamba kuna mwili uliokwisha kupoteza sauti. Kumwambia mtu huyo asikilize ni sawa na kumwambia kiziwi afuate adhana. Yeye anahitaji macho, na kama macho yake ni mabovu, macho ya mwenzake.

Tangu hapo tunapima miguu. Kuna njia rahisi iliyotoka hospitali ya Ipswich, Uingereza, ambayo mnaweza kuifanya nyumbani bila kifaa chochote. Mgonjwa akae ameinua miguu, avue viatu na soksi, afumbe macho. Wewe mguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada, taratibu sana, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha kile cha kati, kisha kile kidogo cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Usibonyeze, usisugue, usipapase. Akisikia aseme ni wa kulia au wa kushoto. Ni sehemu sita kwa jumla. Asiposikia mbili au zaidi, mishipa yake ya fahamu imepungua nguvu, na aende kliniki aangaliwe hata kama hana kidonda.

Mtu wa namna hiyo haachi mazoezi. Anavaa raba zilizofunikwa au viatu vilivyofungwa, anavikung'uta na kuvipapasa ndani kabla ya kuvaa, na soksi ziwe nyeupe, kwa sababu damu ikitoka itaonekana. Asitembee peku hata uani. Mwenye kidonda anafanya mazoezi ya mikono na kiwiliwili akiwa amekaa kitini mpaka kipone. Kwenye kikundi, kabla na baada ya mazoezi, wawili wawili wanatazamana nyayo. Mwanzoni wazee waliona aibu kumwonyesha mtu unyayo. Siku hizi wajukuu ndio wanaoifanya kazi hiyo, tena kwa bidii, wanatafuta mwiba kama wanaotafuta hazina.

Presha nayo haisemi. Wapo wanaotuambia, "Sista, presha yangu naijua, ikipanda nasikia kisogo kinagonga." Tumewapima siku kisogo hakigongi na kukuta 190. Kwa hiyo hapa pia mashine ndiyo isikilizwe. Mwenye 180 juu au 110 chini, au zaidi ya hapo, siku hiyo hafanyi mazoezi nasi. Anakaa mkekani, anapimwa tena baada ya kupumzika, na akiwa bado hivyo anapelekwa kwa daktari.

Neno juu ya kufunga. Mwezi wa Ramadhani, na wengine Kwaresima, watu hupenda kuendelea na mazoezi. Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya mfungo, kwani vipimo na saa za dawa huenda zikabadilishwa. Mazoezi yafanyike baada ya kufuturu, na alasiri, wakati sukari iko chini kabisa, apumzike. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kuzidi 16.6 mtu afungulie hapo hapo na kutibiwa. Ajue pia kwamba misuli huendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu saa nyingi baada ya mazoezi, hata hadi siku ya pili, kwa hiyo sukari inaweza kushuka usiku akiwa amelala. Waliomo nyumbani wajue hilo.

Maswali tuliyoulizwa

Kijana mmoja wa kikundi cha jogingi ameuliza kama haya ni ya wagonjwa na wazee tu, kwa sababu wao wanakimbia hadi Kibiti na hawajapata shida. Tunafurahi kusikia. Lakini tunawauliza: katika kundi lenu, ni nani wa mwisho kurudi, na je, kuna anayekimbia naye? Ana kaka au dada mwenye selimundu? Amewahi kuzirai akikimbia? Kijana aliyezirai katikati ya mbio apimwe moyo kabla hajakimbia tena, hata akiwa na miaka ishirini.

Mama mmoja ametuuliza, "Sisi tunaoshika jembe tangu asubuhi, tuongeze mazoezi ya nini?" Swali zuri, na jibu letu si lile la vitabuni. Anayelima kwa saa nne pumzi yake imefanya kazi, dakika zake amekwisha kuzipata. Asikimbie tena jioni kwa sababu wenzake wanakimbia. Kinachomwumiza ni kuinama upande mmoja, mkono ule ule mbele, tangu palizi ianze hadi iishe. Huyo anahitaji kunyoosha tu, na zile dakika tatu anaweza kuzifanya shambani. Kila afikapo mwisho wa tuta, asimamishe jembe, anyoke, ajiulize kuanzia nyayo hadi kichwa, anywe maji, kisha abadilishe mkono ulio mbele. Mkono wa pili utakuwa mzito juma la kwanza, baadaye utazoea.

Bibi yetu hulima robo eka yake ya mihogo kwa namna hiyo. Chai anakunywa kwanza, na sukari anaifunga kwenye pindo la kanga.